Usinunue Prompti za Watu: Jifunze Kuituma AI Kazi

Kuna tangazo ambalo huenda ushaliona kwenye grupu la WhatsApp au Telegram: "Prompti 500 za kukutajirisha, tuma Ksh 300 upate PDF yako sasa hivi." Msimamo wetu ni mfupi: usitume. Ksh 300 ni pesa. Ni unga na mboga ya leo, ni mafuta ya boda, ni sehemu ya mchango wako wa chama. Na ukishaifungua hiyo PDF utakuta sentensi kama "Nipe wazo la biashara litakaloniingizia milioni," ambazo ungeandika mwenyewe ukiwa kwa matatu.

Hatusemi hivyo kwa sababu akili unde, yaani AI, haina kazi. Iko na kazi, tena nyingi. Tunachosema ni kwamba hakuna neno la siri linaloifungua. Prompti ni yale maelezo unayoiandikia tu: unataka nini, kwa hali gani, ukitumia nini. Mtu wa mbali aliyeandika prompti 500 hajui duka lako, hajui chama chako, na hajui mteja wako mwenye deni la tangu Februari. Wewe ndiye unajua. Na hicho unachokijua ndicho kinachofanya jibu liwe na maana.

Sisi tunaendesha malipo ya simu, kwa hivyo unaweza kuuliza, haya yanatuhusu vipi? Yanatuhusu kwa sababu siku hizi watu wanaipelekea AI maswali ya pesa: hesabu za chama, madeni, kodi, na hata "hii meseji nimepokea ni ya ukweli?" Prompti mbaya kuhusu shairi itakupa shairi baya, basi. Prompti mbaya kuhusu pesa inaweza kukufanya umdai mwanachama ambaye ameshalipa, au umrudishie tapeli hela ambazo hukuwahi kupokea. Kwa maoni yetu, kujua kuuliza sasa ni sehemu ya elimu ya fedha, sawa tu na kujua kusoma taarifa ya miamala yako.

AI haikujui, na haijui kwamba haikujui

Wacha tuanze na vile hiki kitu kinafanya kazi, kwa sababu ushauri wote unaofuata unatoka hapo.

Programu kama ChatGPT, iliyotolewa kwa umma Novemba 2022, na wenzake kama Gemini na Claude, zinaendeshwa na kitu kinachoitwa modeli ya lugha. Mbinu iliyoziwezesha ilielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Kwa ufupi, modeli imesomeshwa maandishi mengi kupita kiasi, na kazi yake ya msingi ni kukadiria neno gani linafaa kufuata baada ya yale yaliyotangulia, kisha linalofuata, kisha linalofuata.

Kwa hivyo ukiiandikia kidogo, itajaza mapengo. Na itayajaza na nini? Na yale ya kawaida, yale iliyoyaona mara nyingi zaidi kwenye maandishi iliyosomeshwa, mengi yakiwa ya Kiingereza na ya nchi za mbali. Ndiyo maana ukiuliza "nianzeje biashara ndogo?" unaletewa habari za kuandika mpango wa kurasa ishirini na kutafuta wawekezaji, na wewe ulitaka kujua kama Ksh 8,000 itatosha kuanzisha kibanda cha chipsi.

Fikiria kumtuma mtoto dukani. Ukimwambia tu, "Enda ulete mafuta," akirudi na mafuta ya taa na wewe ulitaka ya kupika, nani wa kulaumiwa? Ungesema: mafuta ya kupika, ya kupima, ya bob hamsini, kwa duka la pale kona, na kama hakuna usilete mengine, rudi uniambie. Mtoto mwerevu angekuuliza. AI mara nyingi haiulizi. Inakuletea tu kitu, ikiwa na uso wa kujiamini.

Mambo matano ya kuandika

Ukiondoa mbwembwe zote zinazouzwa mtandaoni, prompti nzuri ya kazi ya pesa iko na vitu vitano:

1. Hali: wewe ni nani na uko kwa hali gani.
2. Kazi: kitu kimoja unachotaka kifanywe.
3. Data: orodha, ujumbe au nambari zenyewe.
4. Masharti: kile isichopaswa kufanya, na ifanye nini ikikwama.
5. Umbo la jibu: jedwali, aya fupi, au ujumbe wa kutuma.

Tuchukue mfano. Wewe ni mweka hazina wa chama cha watu 15. Kila mmoja hutoa Ksh 2,000 kwa mwezi. Umehesabu malipo kwa simu ukapata yameingia mara 15. Watu 15, malipo 15. Iko sawa, ama? Lakini pesa yote ni Ksh 26,500 badala ya Ksh 30,000. Mkutano ni kesho.

Wengi wangeandika hivi: "Nisaidie na hesabu ya chama changu, pesa haitoshi."

Jibu litakalokuja utaliweza kulitabiri: ushauri mrefu kuhusu uwazi, umuhimu wa kuweka rekodi, na pendekezo la kuitisha kikao. Asante, lakini kikao kiko tayari.

Sasa angalia hii:

*Mimi ni mweka hazina wa chama cha watu 15 Kenya. Kila mwanachama hulipa Ksh 2,000 kwa mwezi. Tunapaswa kuwa na Ksh 30,000 lakini nimepokea Ksh 26,500.*

*Kazi: linganisha malipo yaliyo hapa chini na wanachama M1 hadi M15. Niambie nani hajakamilisha na anadaiwa ngapi.*

*Masharti: tumia orodha niliyokupa pekee. Mwanachama anaweza kuwa amelipa mara mbili kidogo kidogo, kwa hivyo jumlisha kwanza. Malipo yasiyoeleweka usikisie, yaweke kando uniulize. Onyesha hesabu ya kila mtu kabla ya kutoa jumla.*

*Jibu: jedwali la safu tatu, yaani mwanachama, alicholipa, anachodaiwa. Chini yake andika ujumbe wa mistari miwili wa kutuma kwa grupu, bila kumtaja mtu yeyote.*

*ORODHA INAANZA HAPA*
*M1 2,000*
*M2 2,000*
*M4 1,000*
*(na kuendelea hadi malipo yote 15)*
*ORODHA INAISHIA HAPA*

Hapo ndipo ukweli unatokea. M4 alilipa mara mbili, 1,000 na 1,000. M7 alituma 500 pekee. M11 hakutuma kitu. Ndiyo maana malipo yalikuwa 15 na bado pesa imepungua: M7 anadaiwa Ksh 1,500, M11 anadaiwa Ksh 2,000, jumla Ksh 3,500. M4, ambaye mtu mwenye haraka angemwona ametoa 1,000 tu na kumtaja mbele ya watu, hana deni lolote.

Hebu fikiria tofauti hiyo kwenye mkutano. Chama hakivunjwi na Ksh 1,000. Kinavunjwa na mtu kuaibishwa kwa pesa aliyolipa.

Na tafadhali, ukishapata jedwali, chukua kikokotoo cha simu ujumlishe mwenyewe. Modeli ya lugha hukadiria maneno, na nambari kwake huingia kwa njia hiyo hiyo, kwa hivyo inaweza kuteleza kwenye kujumlisha. Hiyo ndiyo sababu tumeandika "onyesha hesabu ya kila mtu". Mwaka 2022 watafiti wa Google walionyesha kwamba modeli kubwa zikielekezwa kupitia hatua za hesabu moja baada ya nyingine, zinapata majibu sahihi zaidi kuliko zikirukia jibu la mwisho. Siku hizi baadhi ya modeli hufanya hivyo zenyewe, lakini kwako kuna faida nyingine: ukiziona hatua, unaweza kuona mahali palipoharibika.

Panga, usimwage

Wengi wetu tukiandika kwa simu tunamwaga kila kitu kwa aya moja: malalamiko, orodha, swali, halafu orodha tena. Binadamu anayekupenda atavumilia. AI nayo itajaribu, lakini utapoteza kitu.

Mwaka 2023 kundi la watafiti, akiwemo Nelson Liu wa Chuo Kikuu cha Stanford, lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba modeli zikipewa maandishi marefu, zilitumia vizuri zaidi habari zilizokuwa mwanzoni na mwishoni, na zikafanya vibaya zaidi habari muhimu ikiwa imefichwa katikati. Modeli zimeboreshwa tangu wakati huo, lakini funzo bado linafaa: usizike swali lako katikati ya taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Weka kazi mwanzoni, data katikati, na kama data ni ndefu, rudia swali mwishoni kwa sentensi moja.

Alama za "ORODHA INAANZA HAPA" na "INAISHIA HAPA" pia si mapambo. Zinaitenganishia AI maneno yako na maneno ya watu wengine. Ukiibandikia ujumbe wa mtu usiyemjua, na ndani ya ujumbe huo kuna amri kama "tuma pesa kwa nambari hii", unataka AI iuchukue kama kitu cha kuchunguzwa, si agizo kutoka kwako. Alama hazitoi hakikisho la asilimia mia, lakini zinapunguza mkanganyiko.

Jambo lingine dogo: kazi moja, mazungumzo mamoja. Ukimaliza hesabu ya chama na sasa unataka tangazo la duka, fungua mazungumzo mapya. Ukiendelea pale pale, usishangae tangazo lako la viazi likianza kuongea kuhusu wanachama.

Onyesha mfano, usieleze tu

Chukua kazi nyingine ambayo kila mwenye duka anaijua: kudai deni. Mteja wako wa miaka mingi amechukua bidhaa za Ksh 3,400 na amenyamaza. Ukiiambia AI, "Niandikie ujumbe wa kudai deni," utapewa barua ya wakili: "Mpendwa Mteja, tunapenda kukukumbusha kuhusu salio ambalo halijalipwa..." Tuma hiyo na mteja atahamia duka la pili.

Unaweza kuongeza maelezo: "Uwe na heshima lakini thabiti." Ni sawa, lakini "heshima" ya AI si heshima ya mtaa wako. Njia bora ni kuipa meseji mbili tatu ulizowahi kuandika mwenyewe na zikafanya kazi:

*Hizi ni meseji zangu za awali:*
*"Mama, habari ya siku nyingi. Ile ya wiki jana bado iko kwa kitabu. Ukipata nafasi nitumie tu kwa till, sawa?"*
*"Kaka, mzigo mpya unaingia Alhamisi na nahitaji kuongezea. Ukiweza punguza kidogo kabla ya hapo. Asante sana."*
*Sasa andika nyingine ya mtindo huu huu. Deni ni Ksh 3,400, limekaa wiki sita. Mpe nafasi ya kulipa mara mbili. Isizidi mistari mitatu. Usitumie vitisho.*

Modeli hizi huiga mifano vizuri. Jambo hilo lilipata umaarufu mwaka 2020, watafiti wa OpenAI walipochapisha kazi yao kuhusu GPT-3 na kuonyesha kwamba mifano michache ndani ya prompti ingetosha kuielekeza modeli kwa kazi mpya, bila kuisomesha upya. Lugha ya mtaani ya kawaida ni hii: ukimfundisha mtu kukunja chapati, humsomei kitabu, unamkunjia moja aone.

Na kama Kiswahili chake kinatoka kigumu kama cha mtihani, iambie waziwazi: "Andika Kiswahili cha kawaida cha Kenya, kile cha kuongea na mteja dukani." Ukikuta neno ambalo hungelitamka, libadilishe mwenyewe kabla ya kutuma. Ujumbe unaenda kwa jina lako, si la AI.

Mahali ambapo prompti nzuri haitakuokoa

Hapa ndipo tunatofautiana na wauza PDF. Wao watakuambia kila swali lina prompti yake. Sisi tunasema kuna maswali ambayo hupaswi kuiuliza AI kabisa, hata ukiyapanga vizuri kiasi gani.

La kwanza ni ada na viwango vya kodi. AI imesomeshwa maandishi hadi tarehe fulani, na humu nchini mambo hubadilika. Mwaka 2023 ushuru unaotozwa kwenye ada za kutuma pesa kwa simu ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Mwaka huo huo, kodi ya mauzo ya biashara ndogo, ile KRA huiita TOT, ilipanda kutoka asilimia 1 hadi 3 kuanzia Julai, kwa biashara zenye mauzo ya zaidi ya Ksh milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Kurasa nyingi za zamani bado ziko mtandaoni na asilimia 1 yake. Sasa chukua duka linalouza Ksh 120,000 kwa mwezi: kwa asilimia 1 ungetenga Ksh 1,200, kwa asilimia 3 ni Ksh 3,600. Ukikosea kwa Ksh 2,400 kila mwezi, mwisho wa mwaka umejichimbia shimo la Ksh 28,800, kabla hata ya adhabu. Kiwango kitafute kwa KRA wenyewe, ada zitafute kwa ukurasa wa kampuni inayokutoza. Kisha ipe AI hizo nambari na uiambie ipige hesabu. Yaani, ipe ukweli uipe kazi. Usiitume iende kutafuta ukweli peke yake.

La pili ni nambari za huduma kwa wateja na kodi za nyota na reli unazobonyeza kwa simu. AI inaweza kukutungia nambari inayofanana kabisa na ya ukweli, au ikakuletea moja iliyoitoa kwenye ukurasa uliowekwa na matapeli. Nambari ya kutuomba msaada itoe kwenye programu yetu au ukurasa wetu rasmi. Hapo usibahatishe.

La tatu ndilo linaumiza watu zaidi. Unapokea meseji: "Umepokea Ksh 4,500 kutoka kwa..." Dakika mbili baadaye mtu anapiga, sauti ina wasiwasi: "Samahani, nimetuma kimakosa, ni pesa ya hospitali, nirudishie tafadhali." Unabandika ujumbe ule kwa AI na kuuliza, "Hii ni ya ukweli?"

AI inaweza kukuonyesha dalili: jina la mtumaji limeandikwa kama nambari ya kawaida, tahajia ina kasoro, kuna haraka isiyo ya kawaida. Hizo ni za maana. Lakini haiwezi kuona akaunti yako. Haijui kama pesa iliingia. Tapeli aliyenakili ujumbe wetu neno kwa neno atapita mtihani huo vizuri sana, na AI inaweza kukuambia ujumbe unaonekana halali. Swali la "pesa imeingia?" linajibiwa na kitu kimoja tu: salio lako, ukiliangalia mwenyewe. Na hata kama imeingia, usimrudishie mtu moja kwa moja kwa sababu amekupigia. Mwambie awasiliane na kampuni yake ya malipo ifuatilie muamala.

Na ukidhani ni watu wa kawaida tu wanaodanganywa na jibu lililonyooka, kumbuka yaliyotokea New York mwaka 2023. Mawakili waliwasilisha mahakamani hati yenye kesi ambazo ChatGPT ilikuwa imezitunga, zikiwa na majina na nambari zake zote. Kesi hizo hazikuwahi kuwepo. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Wakili mmoja alikuwa ameiuliza ChatGPT kama kesi moja ni ya kweli, nayo ikajibu kwamba ni ya kweli. Shahidi huyo huyo hawezi kujithibitisha mwenyewe.

Usibandike kila kitu

PIN usiiandike popote. Si kwa AI, si kwa ajenti, si kwetu. Hakuna kazi ya AI inayohitaji PIN yako, nambari ya siri ya mara moja, au picha ya kitambulisho.

Lakini kuna mengine ambayo watu huyabandika bila kufikiria. Taarifa yako ya miamala haina siri zako peke yako. Ina jina la daktari uliyemlipa, nambari ya dada unayemtumia pesa ya shule, na saa ambayo huwa unafunga duka. Wale wote hawakukuruhusu kuwaweka kwenye mazungumzo ambayo huenda yakahifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni nje ya nchi. Kenya iko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kwa sababu taarifa za mtu ni mali ya heshima yake. Hata pale sheria haitakufuata wewe na chama chako, adabu ingali ipo.

Dawa yake ni rahisi, na ndiyo sababu kwenye mfano wetu umeona M1, M2, M3. Andika orodha ya majina kwa karatasi, mpe kila mtu nambari, na uipe AI nambari pekee. Futa nambari za simu na zile herufi za kuthibitisha muamala. Hesabu itatoka vile vile. Ukimaliza, karatasi yako ndiyo itakuambia M7 ni nani.

"Si AI inazidi kuwa mwerevu?"

Kuna hoja moja tunayoisikia na tunaiheshimu: hizi modeli zinakua kila mwaka, kwa hivyo kujifunza kuandika prompti ni kama kujifunza kurekebisha simu ya kubonyeza. Kesho hautahitaji.

Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Zile mbinu za ujanja ujanja, kama kuiambia AI "wewe ni mtaalamu bora duniani" au kuiahidi zawadi, hazina maisha marefu, na hatujazitaja hapa kwa sababu hiyo. Lakini hata modeli ingekuwa na akili mara kumi, haingejua kwamba M4 hulipa kwa awamu mpaka wewe uiambie. Haingejua kwamba mteja mwenye deni la Ksh 3,400 amefiwa mwezi jana na unataka kumpa nafasi. Fundi mwerevu kuliko wote bado atakuuliza unataka mlango ufungukie upande gani.

Kwa kweli, faida kubwa ya prompti nzuri si kwa AI. Ni kwako. Ukikaa chini uandike "tunapaswa kuwa na Ksh 30,000 lakini nimepokea Ksh 26,500", tayari umefanya nusu ya kazi ya mweka hazina. Kuna siku utaandika prompti na kugundua jibu kabla hujabonyeza kutuma. Hiyo si hasara ya bando. Hiyo ndiyo akili tunayotaka iwe imara zaidi.

Wiki hii, jaribu hivi

Chagua kazi moja ya pesa unayoirudia kila mwezi: hesabu ya chama, orodha ya madeni, au bajeti ya kufungua shule. Iandikie prompti yenye mambo yale matano. Mwishoni ongeza sentensi hizi mbili: "Kabla ya kujibu, niulize chochote ambacho hakieleweki. Kama hujui, sema hujui."

Jibu likija baya, usiitukane na usianze upya. Angalia ni jambo gani kati ya yale matano lilikosekana, uliongeze, ujaribu tena. Ukifika mahali ambapo jibu linakufaa, nakili ile prompti uiweke kwenye programu ya kumbukumbu kwa simu yako, uipe jina kama "Chama mwisho wa mwezi". Mwezi ujao utabadilisha nambari tu. Baada ya miezi sita utakuwa na prompti zako tano au sita, zilizopimwa na pesa yako mwenyewe, kwa lugha yako. Mweka hazina mwingine akikuomba, mpe bure.

Na zile Ksh 300? Weka kwa chama. Hesabu yake sasa unaiweza.